Ukanda wa Ng'ombe

Kobe hakimbii moto. Jumatatu ile nilihesabu kobe kumi na wanne kati ya korongo na mpaka wa mashariki, kila mmoja amejikunja ndani ya gamba lake kama alivyozaliwa kufanya, na gamba limepasuka. Niliwahesabu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni ofisa ardhi na wanyamapori wa monasteri. Nina stashahada, nina watoto wanne, na nina pikipiki inayonitoa Masuguru, Korogwe, kila Jumatatu alfajiri na kunirudisha kila Alhamisi jioni. Naitwa Mwaija, lakini pale wote huniita Mama Shamimu, hata wamonaki wenye umri wa baba yangu.

Palahala sikuwaona. Walikuwa kumi na mmoja, wale wanyama weusi wakubwa wenye pembe zilizopinda kama upanga, na ndio waliotufanya tuitwe hifadhi. Niliona nyayo zao tu, zimevuka barabara kwenda kusini, kwenye mashamba ya mahindi na mitego ya waya. Zilikuwa nyayo za wakubwa. Za ndama niliziona zimeingia korongoni, za kutoka sikuziona.

Moto uliwaka Ijumaa mchana. Mimi walinipigia Jumapili, umeshazimika wenyewe, eti walikuwa hawataki kunisumbua siku zangu za mapumziko.

Nilirudi ofisini nina masizi hadi magotini. Padre Bernardo, priori wetu, yaani mkuu wa monasteri, alikuwa ananisubiri amesimama. Wamonaki wote walikuwa kwenye wiki ya mafungo, wiki ambayo hakuna anayesema na mtu, lakini priori huruhusiwa kusema yanayolazimu.

"Pole kwa safari, Mama Shamimu. Nahitaji ripoti yako leo. Polisi wanaisubiri."

"Ripoti ya nini?"

"Ya chanzo. Wamemkamata mzee Lekakeny wa boma la jirani tangu Jumamosi. Wana maneno yetu ya mdomo, sasa wanataka maandishi ya mtaalamu."

"Maneno yetu, au yako?"

Alinionyesha picha kwenye simu: nyayo za katambuga, zile ndala za matairi, nyingi, zimetapakaa kwenye majivu ya mpaka wa mashariki. "Hizo ni nyayo za Wamasai. Na unakumbuka tulivyowafungia malisho. Mtu mwenye hasira anaweza kuwasha kiberiti."

"Padre, na mtu anayezima moto anaacha nyayo gani?"

"Andika ulichokiona tu," akasema, na kuondoka. Kanzu yake ilikuwa safi kabisa. Nakumbuka hilo kwa sababu lilinikera.

Hapa lazima nieleze habari ya ukanda, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Upande wa mashariki wa ardhi ya monasteri una kipande kirefu cha nyasi, upana wa hatua kama mia moja, kinachotenga msitu na mbuga kavu. Priori wa zamani, aliyefariki, alipatana na mzee Lekakeny kwamba kila mwaka masika yakiisha, ng'ombe waingie pale. Juni mpaka Agosti walikula nyasi zile mpaka ukabaki udongo. Ikifika Oktoba, kila kitu kimekauka, moto wa mbugani ulikuwa unafika pale unakosa cha kula. Wamasai walipata malisho, msitu ulipata kinga. Haikuandikwa popote. Ilidumu miaka kumi na tisa.

Padre Bernardo alipokuja akakuta ng'ombe ndani ya hifadhi na wageni wafadhili wako njiani. Akasema mifugo na wanyamapori hawawezi kukaa pamoja, akataka ramani mpya isiyo na ng'ombe. Ramani niliichora mimi. Niliandika barua moja ya kupinga, ukurasa mmoja na nusu, nikajibiwa kwa mistari miwili, nikanyamaza. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikachora mstari wa kuwafungia nje.

Huo ulikuwa mwaka wa pili bila ng'ombe. Mwaka wa kwanza mvua za vuli ziliwahi, tukaponea hapo. Mwaka huu nyasi zilikuwa zimefika kifuani.

Nilitoka ofisini nikamkuta Naisimoi getini, mke wa Lekakeny, amekaa juu ya jiwe na chupa ya chai mapajani. Mlinzi alikuwa anajifanya hamwoni.

"Umekuja saa ngapi, mama?"

"Jua halijatoka. Nataka mtu wa kunipeleka kituoni Handeni. Mume wangu ana siku ya tatu hajanywa chai yangu."

"Nitakupeleka. Kwanza nionyeshe walipopigana na moto."

Akainuka akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. "Wewe ndiye uliyechora ule mstari."

"Ndiyo."

"Umeuchora vizuri. Moto umeufuata wote."

Tukaenda.

Alinionyesha mahali vijana wao walipokata matawi na kuupiga moto, mahali Kiseyian, mdogo wake Lekakeny, alipoungua mkono, na mahali waliposhindwa wakarudi nyuma. Nyayo za katambuga zilikuwa zinaelekea msituni, zimekanyaga majivu. Mtu anayewasha moto hukanyaga nyasi. Anayekanyaga majivu amekuja moto ukiwa umeshapita. Mtoto wangu wa darasa la nne angeliona hilo.

Kisha nikaanza kuusoma moto wenyewe. Nyasi ndefu ikiungua taratibu upande mmoja, bua huangukia kule moto ulikotoka. Jiwe huwa jeusi upande ulioupokea moto, na hubaki na rangi yake upande wa pili. Unarudi nyuma hivyo hivyo, bua kwa bua, jiwe kwa jiwe, huna haja ya kumwuliza mtu. Nilitegemea mabua yanipeleke mbugani, nje ya mpaka. Hayakunipeleka huko. Yalinirudisha ndani ya ukanda, kaskazini, mpaka kwenye jiwe lenye msalaba.

Jiwe lile wamonaki huliendea mara moja kwa mwaka, tarehe nne Oktoba, sikukuu ya mtakatifu wao mpenda wanyama. Huandamana kutoka kanisani wakiimba, priori hubariki msitu kwa maji na kwa ubani, kisha hurudi kula.

Ijumaa ile ilikuwa tarehe nne Oktoba.

Chini ya jiwe kulikuwa na rundo dogo la majivu meupe, na ndani yake vipande vitatu vya mkaa. Viwili vilikuwa vimevunjika. Cha tatu kilikuwa karibu kizima: cha duara, bapa, kina kishimo katikati.

Naisimoi aliinama. Yeye husali kwa Walutheri, hakuwahi kukiona. "Huu si mkaa wa kwetu."

"Si wa nyumbani kwetu pia. Ni wa chetezo. Kile chombo cha mnyororo wanachofukizia ubani."

"Wamewasha msitu wao kwa ibada?"

"Wamemwaga mkaa."

Nikajua pale pale ilivyokuwa, kwa sababu nimefanya kazi na watu hawa miaka minane. Majivu ya ubani wameyabariki, kwa hiyo hawayatupi jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Huyamwaga kwenye ardhi safi. Kila mwaka, baraka ikiisha, mshika chetezo huyamwaga pale pale chini ya jiwe. Miaka kumi na tisa hawakuunguza hata kijiti, maana ng'ombe walikuwa wameshakula kila kitu na chini palikuwa udongo mtupu. Wao walidhani ni baraka ndiyo iliyokuwa inalinda.

Nilikifunga kile kidonge kwenye kitambaa changu cha kichwa.

Saa sita na nusu wamonaki hula. Chumba chao cha chakula kiko ndani ya uzio ambao mwanamke haingii. Hata Rosina, mpishi wao wa miaka yote, husukuma sufuria kupitia dirishani. Nilimkuta jikoni anapakua maharage.

"Rosina, Ijumaa nani alishika chetezo?"

"Bruda Fabiani. Tangu siku hiyo hali. Nikadhani amefunga."

"Nipishe mlangoni."

"Mama Shamimu, humo hatuingii. Mimi mwenyewe nawajua kwa mikono tu, sura zao ningezisahau."

"Basi leo nenda ukawaone."

"Utafukuzwa kazi."

"Nitafukuzwa nimeshasema."

Akashika mwiko wake kifuani kama mtu anayeshuhudia harusi ya mwizi, lakini alisogea.

Walikuwa kumi na saba, wamekaa pande mbili za meza ndefu, kimya, vichwa chini, na mmoja anasoma kwa sauti maisha ya mtakatifu fulani wa jangwani. Msomaji aliniona, akaendelea kusoma sentensi nzima kabla ya kunyamaza. Padre Bernardo alisimama.

"Mama Shamimu. Hapa ni mafungo."

"Naona. Lekakeny naye amefungwa. Yeye hakuchagua wiki."

Nikafungua kitambaa, nikaweka kidonge mezani katikati ya sahani mbili. Hakuna aliyekigusa. Nimelea watoto wanne; najua sura ya mtu aliyevunja kikombe. Sikuhitaji kumtafuta Bruda Fabiani. Alikuwa amekitazama kile kidonge mpaka macho yamejaa.

"Bruda Fabiani," nikasema, "Ijumaa ulimwaga wapi?"

Alimtazama priori. Mwanamume wa miaka arobaini na tano, anayefuga nyuki bila kofia ya wavu, alimtazama mwenzake kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka nikaona meza mbili.

"Usimtazame yeye. Nakuuliza wewe."

"Nilimwambia," akasema polepole. Sauti ilikuwa kavu kwa siku za kutoitumia. "Ijumaa ile ile jioni nilimwambia Padre Priori. Nilisema nadhani mkaa haukuwa umezimika. Akasema tutalitafakari mafungo yakiisha. Mpaka hapo nisiseme na mtu yeyote. Nimeweka nadhiri ya utii, Mama Shamimu."

"Kwa hiyo Jumamosi polisi walipokuja, ulikuwa wapi?"

"Getini. Niliwafungulia."

"Ulimfungulia geti mtu anayekwenda kumkamata mwenzako kwa kosa lako," nikasema. "Huo ndio utii? Mzee wa miaka sitini na nane amekuja kuuzima moto wenu, ndugu yake ameungua mkono, mkamwitia polisi. Na nyinyi wote hapa mnakula maharage."

Padre Bernardo alisema, kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya zaidi: "Niliyaona majivu kwa macho yangu. Yalikuwa meupe. Sikuwa na hakika. Sikutaka kumbebesha Bruda mzigo ambao huenda si wake."

"Ukambebesha Lekakeny. Ulikuwa na hakika na Lekakeny?"

Akasema anakwenda kuchukua ufunguo wa gari.

Tulikwenda wanne kwenye gari la monasteri: Padre anaendesha, mimi mbele, Naisimoi na Bruda Fabiani nyuma na ile chupa ya chai katikati yao. Vumbi la barabara ya Handeni liliingia na kutoka. Tulipokaribia lami Padre akaanza, anaangalia mbele.

"Nimefikiri. Jambo la muhimu ni mzee atoke leo. Nitaondoa malalamiko. Wewe kwenye ripoti uandike chanzo hakijulikani. Hakuna anayeumia. Kijiji hakina haja ya kujua habari za ndani ya monasteri, na wafadhili wakisikia habari ya ubani, tumekwisha, na palahala wamekwisha. Unawapenda wale wanyama kuliko sisi sote."

Nitasema kweli. Niliwaza sekunde kadhaa. Lekakeny angetoka. Msitu ungeendelea kuwa na jina. Na ripoti isiyo na chanzo isingekuwa na haja ya kuutaja ule mstari mwekundu, wala aliyeuchora. Mawazo yale yalikuwa matamu, na nilijichukia kwa utamu wake.

Naisimoi alisema kutoka nyuma, bila kupandisha sauti. "Padre, mwaka ule shule ilipoungua, chanzo kiliandikwaje?"

"Sikuwepo, mama."

"Hakijulikani. Na ng'ombe wa Kwamsisi waliokufa kwa sumu, aliyewapa? Hajulikani. Ukitoka hapo uliza watu sokoni Chanika. Watakuambia ni Wamasai. Ninyi mkiandika hajulikani, watu wanasoma jina letu. Mume wangu atatoka leo, na kesho mtoto akichoma pori, watakuja boma lile lile."

"Simamisha gari," nikasema.

"Tumebakiza kilomita kumi."

"Simamisha."

Akasimamisha kando ya barabara. Nikashuka, nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikaitandaza juu ya boneti. Bati lilikuwa la moto, karatasi ilijikunja nikaishikilia kwa kiwiko. Niliandika kwa Kiswahili cha kawaida, si kile cha ofisini. Kwamba moto ulianzia chini ya jiwe la msalaba, ndani ya ardhi ya monasteri, kwa mkaa wa chetezo aliomwaga Bruda Fabiani kabla haujazimika. Kwamba Lekakeny na watu wake walikuja kuuzima. Kwamba usingeenea kama ukanda wa mashariki ungekuwa umelishwa ng'ombe kama ilivyokuwa desturi, na kwamba desturi hiyo ilisimamishwa kwa amri ya priori, Padre Bernardo. Nikasimama hapo.

Lori lilipita, likatufunika vumbi. Bruda Fabiani alikuwa ameshuka, amesimama nyuma ya bega langu, anasoma.

"Umemwandika Padre," akasema. "Umeniandika mimi. Ramani ilijichora?"

Alisema bila kejeli. Hana kejeli yule, ndiyo maana lilichoma.

Nikaandika: na kwa ramani iliyochorwa na Mwaija, ofisa ardhi, aliyejua hatari yake na akaandika barua moja tu.

Bruda Fabiani akachukua kalamu akatia sahihi bila kumtazama mtu yeyote. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini. Kisha akaipeleka karatasi dirishani kwa Padre Bernardo, akaishikilia pale. Padre aliisoma mara mbili. Jasho lilikuwa limemshuka mpaka kwenye ukosi.

"Nikikataa?"

"Itakwenda hivyo hivyo," nikasema, "na nafasi yako tupu. Mimi nitaisoma kwenye mkutano wa kijiji, na watu wataona nafasi ilivyo tupu."

Alitia sahihi. Sitasema alitubu, sikuingia kifuani kwake. Alitia sahihi na tukaondoka.

Kituoni askari wa zamu aliisoma akiwa amesimama, akamtazama Padre, akamtazama Fabiani, akasema tu, "Haya, wazee," akaenda kuita. Padre alipelekwa chumba cha ndani kutoa maelezo mapya. Bruda alimfuata bila kuitwa.

Lekakeny alitoka anapepesa macho kwa jua. Walikuwa wamemrudishia mkanda na fimbo. Katambuga zake alizishika mkononi. Zilikuwa kidhibiti cha kesi, askari akamwambia anaweza kuzivaa sasa. Naisimoi alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Alikunywa yote kabla ya kusema na mtu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Hakunipa mkono. "Juni nilikuja ofisini kwako. Nilikuambia zile nyasi zitatuua."

"Uliniambia."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia uamuzi umeshatoka juu."

"Juu wapi? Pale kwenu ghorofa hakuna." Naisimoi alicheka kwa pua. Mzee hakucheka. "Palahala?"

"Wamevuka kusini. Sikuona ndama."

Mzee alikuwa akiwajua mmoja mmoja kabla sijamaliza chuo. Miaka ya ng'ombe wake yeye ndiye aliyekuwa akituambia jike gani limezaa. Nilitaka anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Hiyo karatasi waliyosoma wale," akasema, "ina nini?"

"Ina kilichotokea. Alhamisi itasomwa kijijini, mbele ya watu wote."

"Nisomee sasa. Alhamisi ni mbali."

Nilikuwa nimebaki na nakala niliyoinakili juu ya goti langu garini. Nikamsomea pale pale uani, mbele ya watu waliokuja kuwaona ndugu zao, askari wawili, na muuza karanga aliyesogea kusikiliza. Nilisoma mkaa, nikasoma jiwe, nikasoma jina la Bruda na la Padre. Nilipofika mwisho nikaharakisha, kama mtu anavyoharakisha, nikakunja karatasi.

Lekakeny alivaa katambuga ya kushoto, kisha ya kulia, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Pale mwishoni umekimbia," akasema. "Rudia pale kwenye jina lako."

Nikaikunjua karatasi, nikarudia, polepole.